Hornby, Märklin au Lionel: uanze na treni ipi ya zamani?

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Muscat alinitumia picha tatu kwa mkupuo. Ya kwanza ni kichwa cha treni cha kijani, bati tupu, ufunguo umechomekwa ubavuni. Ya pili ni kichwa cheusi cha kukaa kiganjani, kizito hata kwa kukitazama. Ya tatu ni dude la rangi ya fedha na nyekundu, refu kuliko rula ya shule. Chini yake ujumbe mmoja: "Shikamoo mjomba. Nianze na ipi?"

Ile ya kijani ni Hornby ya Uingereza, nyeusi ni Märklin ya Ujerumani, na lile dude ni Lionel ya Marekani. Watengenezaji wa enzi hizo walikuwa wengi, kina Bing wa Nuremberg na American Flyer wa Marekani, lakini anayeanza kukusanya treni za zamani za kuchezea kwa kawaida hukwama kati ya hizi tatu. Ndizo zinazojaa minadani. Ninaposema "za zamani" nina maana zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1970 hivi.

Sikumjibu siku ile. Treni moja inaweza kuwa hazina kwa mtu wa Leeds na mzigo kwa mtu wa Tanga, kutegemea itakaa wapi, itachomekwa kwenye umeme gani na itashikwa na nani. Kwa hiyo nilimwandikia kwanza mambo matano ya kupimia: zilikotoka, zimetengenezwa kwa nini na zinazeekaje, umeme na reli zake, vipuri, kisha bandia na bei. La tatu ndilo wengi huliruka, na ndilo lililoniunguzia transfoma.

Zilikotoka

Kwa umri, Märklin ndiye mkubwa wao. Mwaka 1859, katika mji wa Göppingen, fundi bati Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kutengeneza vyombo vya jikoni vya wanasesere. Mkewe, Caroline, ndiye aliyezunguka miji mbalimbali kuviuza, jambo geni kwa mwanamke wa wakati ule, na mumewe alipofariki mwaka 1866 biashara ikabaki mikononi mwake. Treni zilikuja na watoto wao. Kwenye maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891 walileta treni ya ufunguo yenye reli za vipimo maalumu: leo unanunua duara, Krismasi ijayo unaongeza reli ya kuchepukia, mwaka wa tatu stesheni. Hapo ndipo treni ya kuchezea ilipogeuka kuwa kitu kisichokwisha kununuliwa. Miaka miwili baadaye Wajerumani hao hao walianza kutandika reli ya kweli hapa Tanga. Mtindo wa kuutaja upana wa reli kwa namba bado unatumika: namba 1 ni milimita 45, namba 0 ni milimita 32. Mwaka 1935 Märklin wakatoa treni ndogo ya mezani, milimita 16.5, inayoitwa leo H0, na hiyo ndiyo Märklin ambayo mtu wa kipato cha kawaida ataimudu.

Frank Hornby alikuwa karani huko Liverpool. Aliwatengenezea wanawe vipande vya chuma vyenye matundu, vya kuunganishwa kwa skrubu, akavipatia hataza mwaka 1901, mwaka uleule reli iliyoanzia Mombasa ilipofika Kisumu. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa Meccano. Treni zenye jina lake zilitoka mwaka 1920, Vita vya Kwanza vikiwa vimewafanya Waingereza wasivitake vichezeo vya Kijerumani, naye akaikalia nafasi hiyo vizuri. Mwaka 1938 ikatoka Hornby Dublo, ndogo ya kuwekwa mezani. Mwaka 1964 kampuni ilinunuliwa na mshindani wake, Lines Bros, wenye treni za Tri-ang, na kiwanda chake cha Binns Road, Liverpool, kikafungwa mwaka 1979. Hapa wengi huteleza: treni za plastiki zenye jina la Hornby za miaka ya sabini na kuendelea ni za ukoo wa Tri-ang. Jina lilihamia nyumba nyingine.

Joshua Lionel Cowen wa New York alianza mwaka 1900 bila nia ya kuuza vichezeo. Kigari chake cha kwanza cha umeme, sanduku la mbao linalozunguka kwenye reli, kilikuwa cha kuwekwa dirishani mwa duka ili kivute macho ya wapita njia. Wapita njia wakaingia dukani kuuliza bei ya kigari chenyewe. Mwaka 1934, kampuni ikiwa chini ya mfilisi, ilitoa kigari cha ufunguo kilichopandwa na Mickey na Minnie Mouse, kwa dola 1, kikanunuliwa kama njugu. Enzi tamu ya Lionel ni baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1946 vichwa vyake vilianza kufuka moshi. Mwaka 1947 likaja behewa la maziwa: unabonyeza kitufe, mlango unafunguka, kibwana kilichovaa meupe kinasukuma kopo la maziwa nje, mlango unajifunga. Nimeliona likifanya hivyo mara labda mia mbili na bado huwa nasubiri kopo la mwisho. Mwaka 1948 kilitoka kichwa cha dizeli cha Santa Fe, cha fedha na nyekundu, ambacho ndicho cha picha ya tatu ya mpwa wangu. Mwaka 1957 walitengeneza treni ya waridi kwa ajili ya wasichana. Wasichana hawakuitaka, na leo wakusanyaji wazee wanaipigania mnadani.

Jambo moja pembeni: anayeota Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke cha Reli za Afrika Mashariki, yale majitu ya daraja la 59 unayoweza kuyaona kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, asihangaike na hizi tatu. Hakuna aliyeitengeneza enzi hizo. Utapata treni za London, za Milima ya Alps na za jangwa la Arizona.

Bati, zinki, plastiki

Hornby za namba 0 ni za bati, nyingine zimepakwa rangi, nyingine zimechapwa picha moja kwa moja kwenye bati. Vipande vimeshikanishwa kwa vilimi vinavyopenya kwenye tundu na kukunjwa. Vilimi hivyo ndivyo shahidi wako. Kilimi kilichokunjwa kiwandani kimelala na rangi yake haijapasuka. Kilichofunguliwa na kukunjwa tena kina ufa mweupe kwenye kona, na kikifunguliwa mara ya tatu hukatika. Adui wa bati mnamjua. Hapa pwani hewa ya chumvi haihitaji msimu mzima kutoboa sehemu iliyobanduka rangi. Dawa yangu ni rahisi: kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani, kabati lenye mlango, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usioshe kwa maji ya sabuni, hasa iliyochapwa picha, maana rangi itakuja na uchafu.

Märklin za H0 na Hornby Dublo ni habari tofauti. Vichwa vyake vingi vimemiminwa kwa aloi ya zinki, ndiyo maana vina uzito ule wa kupendeza mkononi. Tatizo ni kwamba aloi ya kabla ya vita mara nyingi ilichanganyika na risasi kidogo, na uchafu huo huila zinki kutoka ndani. Chuma kinavimba, kinapata nyufa kama za tope lililokauka, mwishowe kinavunjika kama biskuti. Hakuna dawa, na unyevu unaharakisha. Lionel za miaka ya thelathini nazo hazikusalimika, hasa magurudumu. Kabla ya kulipia chochote cha miaka hiyo, pitisha ukucha juu ya ubavu wake na kitazame kwa pembeni dhidi ya mwanga. Ubavu uliopinda kama upinde, au gurudumu lililovimba mpaka linakwama, ni bora uurudishe mezani na kumshukuru muuzaji. Vya baada ya vita viko salama zaidi kwa mbali.

Lionel za baada ya vita ni mchanganyiko: vichwa vya mvuke vya chuma kizito, vya dizeli vyenye bodi ya plastiki juu ya fremu ya chuma. Ni ngumu. Zilitengenezwa kwa ajili ya watoto waliozigonganisha kwa makusudi. Ila vichwa vingi vya dizeli vilikuwa na betri kubwa ya tochi ndani kwa ajili ya honi, na baba wengi waliisahau humo miaka arobaini. Fungua chini, utazame. Ukikuta unga wa kijani na meupe, betri ilishavuja, na huenda imeila fremu.

Na kwa zote tatu: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni asipewe.

Umeme na reli

Hornby ya ufunguo haijui mgao wa umeme. Unaitia ufunguo kama saa ya ukutani, unaachia breki, inakwenda. Ni faida kubwa kuliko inavyosikika. Hornby Dublo inatumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC), reli tatu mpaka mwaka 1959 zilipoanza kutoka za reli mbili, na hizo mbili hazichanganyiki. Zipo pia Hornby za umeme za namba 0 za volti mbalimbali, na moja ya kuogopwa: treni ya Metropolitan ya mwaka 1925, toleo lililochukua umeme wa ukutani kupitia taa tu iliyowekwa kupunguza mkondo. Yaani mtoto anagusa reli zenye umeme wa nyumba. Wajerumani nao walifanya hivyo wakati ule. Ukiipata, iweke kabatini, usiichomeke hata kwa mzaha.

Märklin H0 hutumia mkondo geuzi (AC) wa volti 16 hivi, na ukitaka irudi nyuma unaipiga pigo fupi la volti 24. Zamani katikati palikuwa na reli ya tatu. Miaka ya hamsini ikageuzwa kuwa vidoti vidogo kwenye mataruma, huvioni mpaka uiname. Raha yake ni kwamba mfumo huo haukutupwa: kichwa cha miaka ya hamsini kinaweza kukimbia juu ya reli za Märklin za leo, ukikipa umeme wa kizamani. Transfoma yake ya zamani, hata hivyo, ilitengenezwa kwa volti 220. Kwenye soketi zetu za volti 230 hadi 240 inatoa zaidi ya ilivyopangiwa, na lile pigo la 24 linazidi hata kuunguza koili. Waya zake nazo zimeshakakamaa. Nunua transfoma mpya, ile ya zamani iwe pambo.

Lionel ni ya mkondo geuzi pia, reli tatu za mabomba, kufikia volti 18 hivi. Transfoma zake ni za volti 120 na hertsi 60 za Marekani. Yangu niliichomeka siku ya Eid, wageni wamejaa sebuleni, nikiwa na adapta ya plagi na akili ya kudhani adapta hupunguza volti. Haipunguzi. Sekunde nne, harufu ya vanishi iliyoungua, giza nyumba nzima. Kosa lilikuwa langu asilimia mia. Unahitaji kishusha umeme chenye uwezo wa kutosha: transfoma kubwa ya Lionel aina ya ZW ni wati 275, kwa hiyo chukua cha wati 500. Na kwa hertsi 50 zetu itapata joto zaidi ya ilivyozoea, usiiache ikiwaka ukaenda kulala.

Nafasi inashangaza. Lionel, pamoja na ukubwa wake, hupinda kwenye duara la inchi 31, yaani sentimita 79, kwa sababu wabunifu wake hawakujali sana uhalisia. Märklin H0 hutaka karibu nafasi hiyohiyo kwa treni ndogo zaidi. Hornby za namba 0 zilizo kubwa hutaka duara la futi 4, sakafuni.

Vipuri

Kwa vipuri Lionel haina mpinzani. Zilitengenezwa kwa wingi mno, na Marekani kuna mafundi wengi wanaotengeneza upya kila kitu, kuanzia brashi za mota hadi makopo ya maziwa. Chama cha wakusanyaji, Train Collectors Association, kipo tangu mwaka 1954, na vipimo vyake vya hali ya treni ndivyo wauzaji wengi hutumia. Kasoro ni uzito: gharama ya kusafirisha seti moja mpaka Dar au Muscat inaweza kuzidi bei ya seti.

Märklin za baada ya vita pia zinahudumiwa vizuri, ingawa ni heri ujue Kijerumani kidogo au uwe na ndugu huko. Hornby za bati vipuri vyake hutoka kwa mafundi wadogo wa Uingereza: springi, funguo, magurudumu mapya ya kuchukua nafasi ya yaliyooza. Lakini hapa fundi saa wa mtaani anaweza kukusaidia kuliko duka lolote la mbali. Yule anayenisaidia mimi hajawahi kusikia jina Hornby maishani. Aliitazama springi, akasema "ni saa tu hii, ila imelala," na akaifanyia kazi kabla ya chai ya saa nne. Dublo ikikimbia kwa uvivu huku ikipata joto, sumaku imechoka, na inaweza kutiwa nguvu upya na mwenye mashine yake.

Bandia na bei

Treni ya kawaida huwa haighushiwi, haimlipi mtu. Hornby ndogo ya ufunguo yenye mikwaruzo ni nafuu na ni ya kweli. Inayoghushiwa ni adimu: ile ya waridi ya Lionel hupakwa rangi juu ya kichwa cha kawaida, na maboksi ya kuchapwa upya yako kila mahali. Märklin wenyewe walitoa tena nakala za treni zao za zamani, zimetengenezwa vizuri mno, na zikipita mikono mitatu mtu wa nne anaambiwa ni za kabla ya vita. Mamba wao, mfano wa kichwa cha umeme cha Uswisi chenye pua mbili ndefu, ndiye wa kutazamwa kwa macho manne.

Mimi niliuziwa treni "ya asili" na muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ilipofika nilifungua skrubu moja, rangi ikabanduka nayo kama ngozi, na chini yake kulikuwa na rangi nyingine. Skrubu ya kiwandani haifunikwi na rangi. Siku hizi naomba picha ya skrubu kabla ya picha ya treni.

Kuhusu kununua ili uje kuuza kwa faida, sishauri kwa yoyote kati ya hizi tatu. Wengi walioziwania ni waliokuwa nazo utotoni, na rika hilo linapungua. Za kawaida zinazidi kujaa minadani huku wanunuzi wakipungua. Adimu zenye boksi lake halisi zinashika bei, lakini hizo si za kuanzia.

Kwa hali yako

Kama uko pwani, umeme unakatika na mfuko ni mwembamba, Hornby ya ufunguo ya namba 0 inakufaa: kichwa kidogo, mabehewa mawili, duara moja. Utahitaji kabati na mafuta, basi.

Kama nyumba ni ya vyumba viwili na unataka mfumo utakaoendelea kuukuza kwa miaka, ukichanganya vya zamani na vipya, Märklin H0 ya miaka ya hamsini na sitini ina nafasi yake. Ni ya mtu mtulivu, anayependa ufundi mdogo mdogo. Bei yake ya kuingilia iko juu kidogo, na ya kabla ya vita usiinunue bila kuishika.

Kama uko Marekani au Kanada, au una ndugu wa kukuletea kwenye sanduku, na unataka vishindo, moshi na honi mbele ya wageni, Lionel ya baada ya vita. Ukiwa Afrika Mashariki au Ghuba, hesabu kishusha umeme na usafirishaji kwanza, ndipo utazame bei ya treni.

Kama uko Uingereza, Dublo ya baada ya vita inastahili siku moja ya kuzunguka kwenye meza za minada. Nyingi ziko kwenye maboksi yake bado.

Kama unapenda historia kuliko mwendo, nunua behewa moja moja kutoka kila nchi, usinunue transfoma kabisa. Najua mzee mmoja mwenye rafu ya hivyo, na hajawahi kutandika reli hata inchi moja.

Kama ni kwa ajili ya mtoto chini ya miaka minane, acha zote tatu, mnunulie mpya.

Mpwa wangu ana mtoto wa miaka kumi na mmoja, nyumba ya kupanga, na rafiki anayerudi kutoka Stuttgart mwezi wa kumi na mbili. Ananiambia amemwagiza kile kichwa cheusi, pamoja na transfoma mpya. Ile ya kijani, anasema, nimtafutie mimi.